Udongo Ukicheka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala koleo. Nilipewa mchi. Nilikuwa nimevaa kitenge cha heshima na kusuka nywele kama mtu anayekwenda kuandikwa kazi ya ofisi, kwenye bilo, kumbe wananiweka nyuma ya nyumba juu ya kigoda nitwange udongo. Nilikasirika sana, sitawaficha. Kutwanga nilikuwa nimekwisha kutwanga pondu, majani ya muhogo, ya kutosha kwa mama yangu. Mimi nilikuja kutafuta dhahabu.

Aliyenipa ule mchi ni Kapita. Ninyi vijana mtasema kapita ni neno la zamani za Wabelgiji, na ni kweli, lakini katika atelie yetu, karakana ya sonara, msimamizi wa kazi tulimwita hivyo hivyo mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa Yanonge, mrefu, mkavu, wa maneno machache. Juu yake alikuwa Patron, mwenye nyumba na mwenye kazi, sonara aliyefundishwa na baba yake, naye baba yake na babu. Walikuwa Waislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa kale, na atelie yao ilikuwa nyuma ya soko kuu. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani. Patron alinichukua kwa sababu baba yangu alimwomba, na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, wanaume wake walikuwa wakitwanga udongo kama watu wanaoua nyoka.

Ngoja niwaeleze kazi, maana bijou mnazovaa siku hizi, mikufu na hereni, zinatoka kwenye mfuko wa plastiki, na mkitoka jasho shingo inageuka kijani. Sisi tulianza na nta ya nyuki. Unaifinyanga nta mpaka inakuwa pete au bangili kamili, na maua yake yote. Kisha unaipaka udongo mwepesi kama uji, uliochanganywa na unga wa makaa. Huo tuliuita maziwa. Maziwa yakikauka, unavika udongo mzito wenye pumba za mpunga, unaacha tundu dogo, mlizamu, wa kupitishia metali. Hiyo ndiyo kalibu. Ukiichoma, nta inayeyuka na kukimbia, inabaki nafasi tupu yenye umbo la ile pete. Ndani ya nafasi hiyo unamimina dhahabu au shaba. Ikipoa unavunja udongo, na kitu chako kiko ndani. Ndiyo kusema kila kalibu ni ya mara moja, na ikiwa na ufa, metali inatorokea majivuni.

Adui wetu basi alikuwa ufa. Na mchana wa siku ile ile ya kwanza nilikutana naye. Nilikuwa nakusanya kalibu zilizokaushwa, nikaona moja ina mstari kutoka mlizamu mpaka chini. Nikaita kwa sauti, nikijiona nimefanya kazi, "Patron, hii imepasuka!"

Nyundo zote zikanyamaza. Patron akavua miwani.

"Mutoto ya nani huyu?" akauliza, kana kwamba si yeye aliyenichukua.

"Ni ule ya Papa Juma," Kapita akamjibu.

"Bon. Mutoto, ile neno hapa hatusemaka. Udongo iko nasikia. Ukiita ile kitu jina yake, inakuja na bandugu yake yote. Hapa udongo inacheka. Angalia, mudomo si imefunguka? Donc imecheka."

Kapita akaongeza bila kuinua macho, "Na mugeni hatumwambiaka hata ile. Mugeni tunamwambia, rudi kesho."

Nilidhani wananitania. Hapana. Ilikuwa sheria ya nyumba, na ilikuwa na ngazi zake. Ufa mwembamba kama unywele, udongo umetabasamu. Unachukua unyoya wa kuku, unauchovya kwenye maziwa, unapitisha taratibu, unauacha ukauke tena kivulini. Huko kuliitwa kunyamazisha. Ufa unaoingia ukucha, udongo umecheka. Unalowesha pande zote mbili kwanza, maana udongo mbichi haushiki juu ya udongo mkavu, ndipo unaziba. Lakini ukiona ufa umekwenda hadi ndani kwenye nta, hapo umecheka meno inje. Huo haunyamazishwi. Unauvunja, unatoa nta yako kwa upole, unaanza upya, na huruhusiwi kununa.

Sababu za kucheka nazo tulizijua. Kukausha juani. Kuvika udongo mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kuacha hewa ndani. Na kubwa kuliko zote, haraka. "Haraka ndiyo inamutekenyaka udongo," Patron alikuwa akisema, na kila aliposema Kapita aliniangalia mimi.

Nilipanda taratibu. Kutoka mchi nikaenda kwenye maziwa, kutoka maziwa nikapewa nta, na hapo ndipo nilipojulikana, kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba na sina papara. Kapita alibaki na moto. Patron alikagua. Jambo moja tu sikulielewa: vipande vya kalibu zilizovunjwa havikutupwa. Vilikwenda kwenye lundo nyuma, chini ya mpapai, na mara kwa mara Patron mwenyewe, mtu mzima na heshima zake, aliketi huko akiviponda na jiwe. Tulidhani ni kutuliza hasira. Kila mzee ana lake, tukamwacha.

Kisha vita. Siwezi kuwasimulia vita vyote, wala sitaki. Mnajua kwamba askari wa nchi nyingine walikuja wakawa ndio serikali, na kwamba mabomu yalianguka katika mitaa ya watu. Mafundi wetu walitawanyika; mmoja alivuka mto kwenda Lubunga, wengine walishika njia ya Opala kwa miguu na watoto mgongoni. Tulibaki Patron, Kapita na mimi. Pikipiki hazikuwa na mafuta, Kapita alikuwa akija kazini juu ya toleka, baiskeli ya kubeba watu, magoti yakigusa kidevu. Wateja hawakuwepo, nani anatafuta hereni wakati huo? Tuliyeyusha makufuli na mabomba ya shaba, tukatengeneza vijiko.

Ndipo akaja Komanda. Jina lake silisemi, na sijui kama lilikuwa lake kweli. Aliingia na askari mmoja mtu mzima, mwenye alama za sajini begani, akafungua leso juu ya meza ya Patron. Ndani mlikuwa na bangili ya dhahabu, ya kamba tatu zilizosokotwa, imekatika mara tatu.

"Mzee, wewe ndiye sonara?" Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi la kwao, kigumu kama buti.

"Ndiye mimi, Komanda."

"Hii ni ya mama yangu. Nilimwambia nitaitengenezesha huku kwenye dhahabu. Ninarudi nyumbani karibuni. Siwezi kumpelekea vipande."

Patron aliipeleka kwenye mwanga, akaigeuza sana. "Komanda, ndani imechoka. Ukiiunga hapa, kesho inakatika pale. Lazima kuiyeyusha na kuimimina upya, vile vile ilivyokuwa."

"Ukiiyeyusha, nitajuaje kwamba itakayotoka ni dhahabu ya mama yangu?"

"Askari wako akae hapa aangalie."

"Atakaa. Na wewe utakuja kwangu. Utakunywa chai. Bangili ikitoka, na wewe utatoka."

Aliisema kwa adabu, hata akatabasamu. Nyumba yake tuliijua sote, ilikuwa kando ya mto, chini kule ambako sakafu hailali kavu. Watu waliingia mle kunywa chai na wengine hatukuwaona tena. Na Patron alikuwa na pumu. Wakati wa amani dawa yake iliuzwa farmasi. Wakati ule alikuwa akivuta mvuke wa majani, na hata hapo usiku mwingine tulisikia kifua chake kinapiga filimbi. Alichukua koti lake. Mlangoni akageuka, akasema, "Nta ni yako, Mwamini. Moto ni ya Kapita. Musibishane." Wakamwingiza katika jeep.

Niliogopa. Lakini mikono ilikuwa na kazi, na hilo lilinisaidia. Niliichora ile bangili kwa macho, nikasokota nyuzi tatu za nta nikizifuata kamba zake, pale iliposhuka nikashuka, pale fundi wa zamani alipokosea kidogo nikakosea kama yeye, maana mama wa mtu anajua bangili yake. Sajini alikaa karibu na mlango, bunduki juu ya magoti, dhahabu mbele yake kwenye kisahani, akila makemba, ndizi zetu za kuchoma, bila kusema asante. Nta ilitoka vizuri. Hata Kapita alitikisa kichwa kukubali, na Kapita hakuwa mtu wa kutikisa kichwa.

Mvua ndiyo ilitushinda. Ilinyesha kana kwamba mtu amesahau kufunga bomba. Udongo haukukauka kivulini, na kila tulipomtazama Sajini tulimwona Patron juu ya sementi yenye unyevu. Kwa hiyo tukafanya lile tulilokatazwa miaka yote, tukaisogeza kalibu karibu na tanuru. Tuliigeuza huku na huku kama kuku wa kuchoma. Sikuwa na amani, Kapita pia, lakini hakuna aliyesema.

Nikasikia sauti ndogo, tik. Kapita akainama juu ya kalibu.

"Imecheka," akasema.

"Imecheka sana?"

"Meno yote inje."

Nami, sijui ni woga au ni nini, nikajifunika mdomo kwa kitambaa. Sajini akasimama, kisahani kikaanguka.

"Mnamcheka nani?"

Tukamwangalia tu.

"Nimesikia. Komanda ana mali ya mama yake hapa, na ninyi mnacheka, meno nje. Mmeshaiharibu na mnacheka."

Kapita alifungua mdomo, akaufunga. Yule mtu alikuwa ameishika sheria ya nyumba tangu ujana wake: mgeni haambiwi. Hata mbele ya bunduki haikumtoka. Sajini aliokota dhahabu, akaifunga katika leso, akatoka akifunga mlango kwa nje. Tulibaki na moto unaokufa na ile kalibu imekenua.

Komanda alikuja mwenyewe. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliketi kwenye kiti cha Patron.

"Sajini anasema mnanicheka."

Nilimtazama Kapita; alikuwa anatazama chini. Nikasema, "Komanda, anayecheka ni udongo."

"Udongo."

"Ndiyo. Humu ndani hatusemi umepasuka. Ni mwiko. Tunasema umecheka. Ukipasuka sana tunasema umecheka meno nje. Ndivyo alivyotufundisha Patron, na yeye alifundishwa hivyo."

Aliichukua kalibu, akapitisha ukucha katika ufa. Alifanya hivyo muda mrefu. "Maneno mazuri," akasema. "Umeyatunga sasa hivi?"

"Hapana, Komanda."

"Sawa. Nitamuuliza mzee. Sitamwambia lolote. Nitamuuliza tu, udongo ukiharibika ninyi mnasemaje. Akisema kama wewe, mtaendelea na kazi. Akisema vingine..." Akanyanyuka bila kumaliza. Jeep ikaondoka, Sajini akabaki kutulinda.

Sijawahi kungoja vile katika maisha yangu, hata uchungu wa uzazi haukuwa hivyo. Fikirini ninyi wenyewe. Mzee anavutwa kutoka pale alipolala, anaulizwa swali la siri ya nyumba yake na mtu mwenye bastola. Akitaka kutuokoa, ataogopa kutamka kucheka mbele ya mtu kama yule. Atasema udongo umepasuka, kama watu wote wa dunia wanavyosema. Na akishika sheria yake je?

"Atamwambia rudi kesho," Kapita alisema polepole. "Namujua ule muzee. Atamwambia rudi kesho."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikalia, naye akaenda kuchochea moto usiokuwa na cha kuchoma.

Komanda aliporudi alisimama mlangoni, maji ya mvua yakimtiririka. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa ujumbe usio wake.

"Nilimuuliza," akasema. "Akanyamaza. Nikamuuliza mara ya pili. Basi akaniuliza yeye mimi. Akasema, 'Meno iko inje?'"

Kapita alikaa chini pale pale, juu ya kuni.

"Nikamwambia ndiyo, meno iko nje. Akasema mvunje. Akasema mtwange wale waliocheka zamani, mchanganye na udongo mpya, kwa sababu aliyekwisha kucheka ndani ya moto hacheki tena. Akasema pia muache haraka. Mimi ndiye nina haraka, na ananiambia muache haraka." Akafuta uso. "Hao waliocheka zamani ni nani?"

Nikamwonyesha lundo chini ya mpapai.

Hapo ndipo nilipoelewa kile alichokuwa anaponda Patron miaka yote. Udongo mbichi ukikauka unajikunja, na kujikunja ndiko kunakoupasua. Udongo uliokwisha kupita motoni hauna tena pa kujikunja. Ukiusaga na kuuchanganya na mbichi, unamshikilia mwenzake. Kazi zote kubwa alizozivika mwenyewe alikuwa akitia unga huo, na hakutuambia, kwa sababu masonara ndivyo walivyo, siri ya mwisho wanaiacha kwa siku ya mwisho. Tulitwanga, mimi kwa mchi wangu ule ule, nikachekecha kwa kipande cha chandarua. Nta niliitengeneza tena pale ilipokuwa imelegea. Nikavika maziwa, nikavika udongo kidogo kidogo, nikafunika kwa majani ya mgomba ili ukauke bila kustuka. Komanda alikuja, akaangalia, akaondoka. Tulimwambia, "Rudi kesho," naye akarudi kesho, na kesho yake tena.

Kalibu ilitabasamu mahali pamoja, karibu na mlizamu. Niliinyamazisha kwa unyoya. Kapita akaichoma, nta ikakimbia, akayeyusha dhahabu mbele ya macho ya Komanda mpaka ikatetemeka kama kiini cha yai, akamimina mara moja bila kusita. Ilipopoa nikaivunja kwa upande wa koleo. Kamba tatu zilikuwa pale, hata kosa la yule fundi wa zamani lilikuwa mahali pake. Komanda alipitisha dole gumba juu ya kosa lile. Hakutushukuru. Alimwambia Sajini, "Mlete mzee."

Patron alishuka kwenye jeep akishika mlango kwa mikono miwili. Alikuwa amepungua, koti limemzidi. Tulimketisha kwenye kiti chake, mke wake akaleta chai, nami nikamshikia kikombe. Kifua kilikuwa kinapiga ile filimbi, sasa bila kupumzika. Kapita alimwonyesha vipande vya kalibu. Alivitazama, akavipenda, akaniambia nivipeleke kwenye lundo. Kisha akanishika mkono.

"Mwamini, mutoto yangu," akasema, "mimi, nimepasuka."

Alilitamka neno lile katika nyumba ile, mbele ya udongo wote. Mimi na Kapita tulilisikia, na hakuna aliyemsahihisha. Tulimzika kabla vita havijaisha.

Baadaye nilifanya kazi sehemu nyingine. Tulihamia Lubunga mimi na Kapita tukafungua atelie ndogo, naye akawa kapita wangu, jambo lililomchekesha yeye kuliko mimi. Alipofariki, masista waliniita kwenye foyer yao, nyumba ya ufundi, kuwafundisha wasichana, nikakaa huko mpaka macho yalipokataa nta. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na keki. Mimi nilichoomba ni gunia, nikajaza vipande vya kalibu za wanafunzi wangu nikawapelekea wale wasichana walioendelea na kazi, na nikawaeleza ni vya nini siku ile ile, waziwazi, sikungoja siku ya mwisho. Siri ilimgharimu Patron nusu ya pumzi yake kuitoa pale alipokuwa. Isimgharimu mwingine.

Sasa nakaa barazani. Magoti yananiuma, visigino vimefunguka kama njia ya kiangazi, moyo daktari anasema una kelele. Wasichana wangu wa zamani wakipita kutoka sokoni wanasimama.

"Mama Mwamini, uko namna gani?"

"Ninacheka," nawaambia.

Wanakuja karibu, wananitazama usoni, wanaulizana kwa macho. Kisha mmoja wao, daima ni yule aliyekuwa mvivu wa kutwanga, anauliza kwa sauti ya chini, "Meno iko inje, Mama?"

"Bado," nawajibu. "Leteni unyoya."